Maji meupe yasiyo na jina: kemia ya shuleni na sumu ya risasi mlangoni mwetu

JE, msomaji, umewahi kufua kanzu iliyomwagikiwa mchuzi wa biriani? Ikiwa umewahi, basi umeona maajabu yake. Doa ni la manjano. Unalipaka sabuni ya kipande, na papo hapo linageuka rangi ya damu ya mzee. Wengi hushtuka wakidhani nguo imeharibika. Ukilisuuza kwa maji mengi, au ukalikamulia ndimu, manjano hurudi.

Hakuna uchawi hapo. Bizari ya manjano ina rangi inayobadilika inapokutana na kitu cha jamii ya magadi na sabuni, kile ambacho wanakemia hukiita alkali. Ikikutana na asidi, mathalan ya ndimu, rangi hurudi ilivyokuwa. Bila kujua, umefanya jaribio la kemia ukiwa umeinama juu ya karai: umechukua kitu unachokijua, ukakikutanisha na kitu usichokijua, kisha ukasoma jibu kwa macho.

Njia hiyo ya kukutanisha kitu na kitu ndiyo inayotumika katika maabara kutambua maji yasiyo na jina. Nayo ina umuhimu mkubwa kwa afya ya mtu anayeishi Changamwe, Likoni au Kisauni, kuliko wengi wetu tunavyofikiri.

Hebu tazama nyumbani kwako. Katika chupa ya plastiki iliyokuwa na maji ya kunywa mna mafuta taa. Katika nyingine iliyokuwa na soda mna jiki ya kupima, uliyoinunua kwa mchuuzi bila karatasi yoyote ya maelezo. Jirani yako anayetengeneza sabuni ana ndoo ya soda kali iliyokwisha kuyeyushwa. Fundi wa magari kule Magongo ana madumu mawili yanayofanana kama pacha, moja la maji safi ya kuongezea betri na jingine la asidi ya betri, na yote mawili yeye huyaita "maji ya betri". Vyote hivyo ni vyeupe, vyote humiminika, na mtoto wa miaka miwili mwenye kiu hawezi kuvitofautisha. Hata mtu mzima hawezi, kwa macho.

Maabara ya kidato cha nne

Ingia katika maabara ya shule yoyote ya sekondari muhula wa tatu, wakati watahiniwa wa KCSE wanapojiandaa kwa karatasi ya vitendo ya somo la Kemia. Mwanafunzi hukabidhiwa chupa ndogo iliyoandikwa herufi moja tu, pengine "E" au "F". Ndani mna mmumunyo, yaani maji yaliyoyeyushiwa kitu. Kazi yake ni kusema kitu hicho ni nini.

Jambo la kwanza analofundishwa ni asichopaswa kufanya. Haruhusiwi kuonja, wala kutia pua mdomoni mwa chupa. Akitaka kunusa hupunga kwa kiganja, harufu imfikie kidogo kidogo. (Ni ajabu kwamba mwanafunzi yuyo huyo akirudi nyumbani huinusa kila chupa kwa kuisogeza puani, na baba yake huilamba.)

Baada ya hapo huanza kwa karatasi ya litmasi. Ile ya buluu ikigeuka nyekundu, ni asidi. Ile nyekundu ikigeuka buluu, ni alkali. Kisha anaweza kudondoshea tone la asidi juu ya kitu chenyewe. Kikitoa mapovu yasiyo na harufu, huenda ni kabonati. Wewe pia waweza kuona jambo hilo ukidondoshea siki au ndimu kwenye kipande cha jiwe la matumbawe, lile tunalojengea nyumba hapa Pwani. Litatoa vipovu, kwa kuwa jiwe hilo kwa sehemu kubwa ni kabonati ya kalsiamu.

Utamu wa kazi uko kwenye mashapo. Unachukua maji mawili meupe kabisa, unayachanganya, na ghafla yanakuwa kama tui la nazi. Kumezaliwa kitu kipya kisichoyeyuka majini, nacho kinashuka chini polepole. Rangi ya mashapo hayo, na namna yanavyotenda ukizidisha dawa, ndiyo jibu lenyewe. Shaba hutoa mashapo ya buluu, na ukizidisha amonia yanayeyuka na kuwa buluu iliyokoza sana. Chuma hutoa ya kijani au ya hudhurungi kama kutu.

Kuna ndugu watatu wanaowasumbua watahiniwa kila mwaka: zinki, alumini na risasi. Wote watatu mmumunyo wao ni mweupe. Wote ukiwatilia soda kali tone kwa tone hutoa mashapo meupe, na ukizidisha soda mashapo hayo hutoweka. Utawatenganisha vipi? Unachukua sampuli nyingine na kutia amonia. Ya zinki yatayeyuka ukizidisha, lakini ya alumini na ya risasi yatakaa pale pale. Wamebaki wawili. Sasa unatia ayodidi ya potasiamu, ambayo nayo ni maji meupe. Ikiwa ni alumini, hutaona kitu. Ikiwa ni risasi, ile testityubu itajaa manjano ya kung'aa, manjano ambayo mtu akiyaona mara moja hayasahau. Ukiyapasha moto pamoja na maji ya kutosha yanayeyuka, na yakipoa hurudi yakiwa vipande vidogo vinavyometameta kama vumbi la dhahabu.

Mwanafunzi huandika jibu lake, akahesabu alama, na mengi huishia hapo. Katika shule nyingi, baada ya somo, yale manjano humwagwa kwenye sinki. Kila mwalimu wa Kemia anayesoma ukurasa huu angefaa kulifikiria jambo hilo, kwa sababu kile kilichomo ni sumu ambayo haiozi wala haichakai. Yapasa kukusanywa katika chombo chenye kifuniko.

Sumu ya Owino Uhuru

Risasi ninayoizungumzia hapa ni madini, ingawa ile ya bunduki ilipata jina lake kwayo. Ni nzito, laini, na huyeyuka kwa moto wa nyuzi 327, moto ambao hata jiko la makaa likipulizwa vizuri hufikia. Kwa sababu ya ulaini huo binadamu ameitumia kwa maelfu ya miaka. Siku hizi sehemu kubwa yake iko katika betri za magari, za tuktuk na za taa za sola.

Kijiji cha Owino Uhuru kiko Mikindani, katika eneo lililokuwa sehemu ya Changamwe kabla ya Jomvu kuwa eneobunge lake mwaka 2013. Wakazi wake ni kama 3,000. Katika miaka ya 2000, kando kabisa ya nyumba zao, kilianza kazi kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Betri zilivunjwa, asidi ikamwagwa, na mabamba yakatiwa tanuruni. Moshi ulitua juu ya mabati ya nyumba na maji machafu yakapita kijijini. Vijana wa hapo hapo waliajiriwa, wakarudi nyumbani jioni na vumbi kwenye nguo.

Mwaka 2009 Bi Phyllis Omido aliajiriwa katika kiwanda hicho. Muda si mrefu mwanawe mchanga akaugua. Madaktari walitafuta malaria, wakatafuta homa ya matumbo, na majibu hayakueleza kitu. Ilikuwa hadi damu ya mtoto ilipopimwa risasi ndipo ukweli ulipojulikana. Watoto wengine wa kijiji walipopimwa, nao walipatikana nayo. Bi Omido aliacha kazi, akaanzisha shirika la kutetea mazingira, akaandamana, akakamatwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Mashauri mahakamani yalichukua muda mrefu zaidi. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mombasa, iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Lakini ukurasa huu ni wa afya, na tuyaache ya mahakama kwa mawakili. Jambo linalotuhusu ni hili: kwa miaka kadhaa watu walikuwa wakila, wakinywa na kuvuta hewa yenye sumu ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne anajua jina lake na rangi ya mashapo yake. Mbona basi haikugunduliwa mapema? Je, mwalimu mmoja hangechukua chupa ya maji ya mtaro, akayatilia ayodidi ya potasiamu, akaangalia?

Angeweza. Na yamkini asingeona kitu.

Pale testityubu inaposema uongo

Sababu ya kwanza iko ndani ya betri yenyewe. Asidi ya betri ni asidi ya salfuriki. Risasi ikikutana nayo hutengeneza salfeti ya risasi, unga mweupe ambao karibu hauyeyuki kabisa majini. Kwa hiyo maji yanayotiririka juu yanaweza kuwa na risasi kidogo tu, ilhali tope lililotulia chini limejaa sumu. Ukichota maji ya juu, yale yanayoonekana masafi, ukayapima, unajidanganya. Mkemia anayeijua kazi yake huchota tope, hulikausha, hulichemsha kwa asidi ya nitriki ili risasi iyeyuke, na baada ya hapo ndipo hupima.

Vivyo hivyo kwa vumbi la sakafuni na mchanga wa uwanjani. Sumu haikuwa ndani ya chupa. Ilikuwa kwenye vidole vya watoto waliokuwa wakicheza.

Sababu ya pili ni wingi. Majaribio ya rangi hujibu vizuri swali la "ni nini?" pale kitu kinapokuwa kingi. Swali la "ni kiasi gani?" hulijibu vibaya. Chukua gramu moja ya sukari, ambayo ni kama robo ya kijiko cha chai. Igawe vipande milioni moja. Kipande kimoja ndicho mikrogramu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kwamba lita moja ya maji ya kunywa isiwe na zaidi ya mikrogramu 10 za risasi. Hata ukitia ayodidi kwa wingi, risasi inayobaki imeyeyuka bila kugeuka manjano ni nyingi kuliko kiasi hicho mara kadhaa. Maana yake ni kwamba maji yanaweza kupita jaribio la shuleni, yakabaki meupe pe, nayo yakawa yanamdhuru mtoto.

Kwa damu ni vigumu zaidi. WHO ilitoa mwongozo mwaka 2021 kwamba mtu akipatikana na mikrogramu 5 au zaidi katika desilita moja ya damu, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Desilita ni theluthi ya chupa ya soda ya mililita 300. Mikrogramu tano humo! Hakuna rangi ya kuonekana kwa macho. Kipimo chake hufanywa kwa mashine, kwa mfano ile inayounguza sampuli na kupima mwanga ambao chembe za risasi humeza. Wazo bado ni lile lile la karai na kanzu, kwamba kila kitu kina tabia yake ya kukitambulisha, ila jicho limebadilishwa.

Watafiti waliowapima watoto wadogo wa Owino Uhuru baada ya kiwanda kufungwa walipata wastani wa mikrogramu 7.4 kwa desilita. Katika kijiji jirani cha Bangladesh, pia Mikindani, wastani ulikuwa 3.7. Ripoti yao ilichapishwa mwaka 2018. Angalia nambari hizo vizuri: tanuru lilikuwa limezimwa, na bado watoto wa upande mmoja walikuwa na risasi maradufu. Udongo haukufungwa pamoja na kiwanda.

Risasi hufanya nini mwilini

Mwili huidhania kuwa ni kalsiamu. Huipokea, huipeleka kwenye mifupa na meno, na kuihifadhi huko kwa miaka mingi. Mama aliyeipata akiwa msichana anaweza kumpitishia mtoto aliye tumboni, kwa sababu wakati wa ujauzito mifupa hutoa akiba yake. Mtoto mdogo naye, kwa risasi ile ile iliyomezwa, hunyonya mara nne hadi tano ya kile anachonyonya mtu mzima.

Dalili zake ndizo zinazowapoteza wazazi, na wakati mwingine hata zahanati: tumbo kuuma, kufunga choo, upungufu wa damu, kukosa hamu ya chakula, uchovu, hasira za ghafla. Nani hapa Pwani akiona hayo hafikirii malaria au minyoo? Risasi ikizidi sana huja kifafa, kupoteza fahamu na hata kifo. Ikiwa kidogo kidogo kwa muda mrefu huja kitu kisichoonekana kabisa: mtoto anachelewa kusema, hatulii darasani, masomo hayaingii. Anaitwa mtundu au mjinga, anachapwa. Kwa watu wazima hupandisha shinikizo la damu, huharibu figo na huweza kusababisha mimba kutoka. Wataalamu hawajapata kiwango chochote cha risasi ambacho wanaweza kukiita salama.

Dawa za kuinasa risasi na kuitoa kwa mkojo zipo, na hutolewa hospitalini kwa walio na viwango vya juu. Kwa mtoto WHO inazipendekeza kuanzia mikrogramu 45 kwa desilita. Lakini haifai kumpa mtu dawa hizo kisha kumrudisha kwenye vumbi lile lile. Na madhara yaliyokwisha kuingia ubongoni hayarudishwi.

Usidhani ni Mikindani pekee

Kenya, pamoja na nchi nyingine kusini mwa Sahara, iliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa 2006. Hiyo ni heri kubwa kwa wanaoishi kando ya barabara. Hata hivyo kuna milango mingine iliyo wazi.

Mvuvi wa Likoni anayeyeyusha vipande vya betri katika sufuria kuukuu ili kumwaga chubwi za nyavu na mishipi, anavuta moshi huo yeye na kila aliye karibu. Sufuria hiyo isirudi jikoni hata ikisuguliwa kwa mchanga wa bahari yote. Fundi anayevunja betri nyuma ya nyumba anafanya kiwanda kidogo bila leseni. Rangi za zamani za milango na madirisha, zinapokwanguliwa, hutoa vumbi. Rangi mpya zimewekewa kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa milioni, lakini mlango uliopakwa zamani haujui sheria.

Na kuna wanja. Najua hapa nagusa mila, na sitaki ugomvi na bibi zetu. Lakini ukweli ni kwamba baadhi ya wanja wa kiasili, ukiwemo ule unaoitwa wanja wa manga, hutengenezwa kwa jiwe jeusi ambalo ni salfidi ya risasi. Mtoto mchanga hupakwa machoni, hujipangusa, kisha hulamba vidole. Ukiutia wanja huo majini na kudondoshea ayodidi hutaona manjano, kwa sababu salfidi ya risasi haiyeyuki majini. Tumboni mwa mtoto, penye asidi, ni habari nyingine. Kama huna hakika wanja wako umetokana na nini, usimpake mtoto.

Kuhusu maji ya visima, ambayo wakazi wa Kisauni na Likoni huyategemea mifereji inapokauka, jaribio la rahisi lina msaada wake na mpaka wake. Tone la nitrati ya fedha litaonyesha ukungu mweupe ikiwa maji yana chumvi nyingi, na sabuni isiyotoa povu itakuambia ni maji magumu. Afisa wa afya ya umma ana dawa inayogeuka waridi ikiwa klorini imo. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonyesha kipindupindu au kinyesi kilichovuja kutoka choo cha shimo cha jirani. Hayo hutafutwa kwa kuotesha vijidudu maabara.

Chupa isiyojulikana ikiwa nyumbani

Baadhi ya wasomaji, hasa wenye watoto wa sekondari, watashawishika kufanya uchunguzi wao jikoni. Tafadhali usifanye. Chupa usiyoijua isionjwe, isinuswe, wala isichanganywe na nyingine ili kuona itakuwaje. Jiki ikichanganywa na asidi ya kusafishia choo hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumika kuua wanajeshi vitani huko Ypres mwaka 1915. Kila siku kuna mtu anayeosha choo kwa vyote viwili akidhani viwili vitang'arisha zaidi ya kimoja. Akianza kukohoa na macho kuwasha, atoke nje mara moja na kuacha mlango wazi.

Mtoto akinywa mafuta taa, asidi au soda kali, usimtapishe. Ndiyo, najua kila mtaa una mzee anayeshauri kidole kooni au kikombe cha maji ya chumvi. Asidi na soda kali huunguza koo mara ya pili zinaporudi juu, na mafuta taa huingia mapafuni, huko ndiko yanakoua. Wala usijaribu kuua ukali wa asidi kwa kumpa magadi, ukikumbuka somo la litmasi. Joto linalotoka humo huongeza majeraha. Mtoe kilichobaki mdomoni, msuuze, vua nguo iliyolowa, na umkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe hata kama haina maandishi. Kile kilichobaki chini ya chupa kinaweza kumwokolea daktari saa nzima. Asidi ikiingia machoni, mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20 kabla hujatafuta hata matatu.

Chupa zenyewe zina dawa rahisi. Usitie kitu kisichonyweka katika chupa ya kitu kinachonyweka. Ikiwa huna budi, funga kitambaa chekundu shingoni, andika jina kwa kalamu isiyofutika na uweke juu ya kabati, mbali na kimo cha mtoto.

Ukishuku risasi

Ikiwa unaishi karibu na mahali betri zinapovunjwa, au mume wako ni fundi wa betri, mpaka rangi au mvuvi anayeyeyusha chubwi, anza na yaliyo mkononi mwako. Nguo za kazi zivuliwe nje na zifuliwe peke yake. Sakafu ipigwe deki kwa kitambaa kibichi, kwani ufagio mkavu hurusha vumbi. Watoto wanawe mikono kabla ya kila chakula na kabla ya kulala. Wape vyakula vyenye madini ya chuma na kalsiamu, kama vile mboga za majani, kunde, dagaa na maziwa. Tumbo lisilo na chuma wala kalsiamu hunyonya risasi kwa pupa zaidi.

Kwa vitu kama tope, maji au unga usioujua, anayestahili kuulizwa ni Mkemia wa Serikali, ambaye ana maabara hapa Mombasa, kupitia afisa wa afya ya umma wa eneo lako. Usijibebee sampuli kwenye chupa ya soda. Uliza kwanza chombo gani kinafaa, kwa maana chupa isiyo safi inaweza kuleta jibu la uongo.

Kwa mtu, nenda hospitali na umwambie daktari waziwazi: "Naomba damu ipimwe risasi." Usingoje afikirie mwenyewe, kwa kuwa kipimo hicho hakimo katika vile vya kawaida, wala hakionekani kwenye darubini inayotafuta malaria. Mweleze kazi ya baba, mahali mnapoishi na vitu ambavyo mtoto huchezea. Na ikiwa wanataka kutoboa kidole tu, uliza kama inawezekana kutoa damu ya mshipani, au angalau mkono uoshwe vizuri kwa sabuni kwanza. Vumbi kidogo la risasi lililo kwenye ngozi ya kidole linatosha kupandisha nambari, na hutajua kama kilichopimwa ni damu ya mwanao au ni uchafu wa uwanja.